Jumbe, Pazi na Khan: Juu ya Kufasiri Vyeo katika Habari za Uzaramo

Cheo ni neno gumu kufasiri kuliko mengi yanayohesabiwa kuwa magumu. Jina la mti au la samaki likikosewa, msomaji anayeujua mti ule au samaki yule huligundua kosa mara moja. Cheo kikikosewa, kosa hukaa kimya miaka mingi, kwa maana kila lugha ina watu wake wakubwa, na msomaji huridhika upesi akiisha kuambiwa kwamba fulani alikuwa mkubwa. Haulizi alikuwa mkubwa kwa nani, wala alifanywa mkubwa na nani, wala ukubwa wake uligharimu nini. Katika habari za Uzaramo kosa la namna hii limeishi zaidi ya miaka mia moja, na madhara yake hayakuishia vitabuni.

Kitabu cha kuanzia ni Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Jina lake peke yake ni somo la vyeo: mwana anaitwa Mtoro, na baba anatajwa kwa heshima ya Mwinyi. Hapana mwandishi wa zama zile aliyeyaeleza mambo ya ujumbe kwa ujuzi kama wake. Kwake yeye jumbe si mtu aliyezaliwa tu katika nyumba ya majumbe. Kuzaliwa humpa haki ya kutaka, lakini hakumpi ujumbe. Ni lazima alishe watu, alipe ada kwa wale waliomtangulia katika cheo, atawazwe mbele ya macho ya mji, ndipo apate kilemba na heshima zinazofuatana nacho. Na juu yake na chini yake wamo wengine: diwani, shaha, waziri, amiri, mwinyi mkuu, akida; kila mmoja na ngazi yake, na kila ngazi na karamu yake. Anayesoma sura hizo kwa makini ataona kwamba cheo cha Mrima kilikuwa deni. Mwenye nacho aliwalisha wenziwe ili akipate, na baadaye wengine walimlisha yeye ili wapate vyao.

Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya vita vya pwani vya 1888, aliuona ukweli huu akaujengea hoja yake nzima: kwamba ugomvi wa miji kama Pangani ulikuwa kwa sehemu kubwa ugomvi wa nani aingie karamuni na kwa masharti gani. Hoja hiyo ina nguvu, na imemfanya Mtoro asomwe upya. Walakini imezaa pia uvivu wa namna yake. Wako wanaoyachukua maelezo ya Bagamoyo na Pangani na kuyatandaza juu ya nchi yote iliyo nyuma ya pwani, kana kwamba kila kijiji kilichokuwa kikipeleka sandarusi na mtama Bagamoyo kilikuwa na majumbe wa vilemba na mapanda ya siwa.

Kwa kuipima dhana hiyo, Chole inafaa. Chole inayokusudiwa hapa ni ile ya Kisarawe, wala si kisiwa cha Chole kilicho mbele ya Mafia. Majina haya mawili yamekwisha kuwachanganya watu wasiopungua. Chole ya Mafia ilikuwa na bandari, majumba ya mawe na wafanya biashara. Vyeo vyake ni vyeo vya pwani. Chole ya Kisarawe iko bara, katika nchi ya Wazaramo, nchi ya vilima vifupi, misitu na mashamba, ambako watu waliishi kwa koo na vijiji vilivyotawanyika. Hapo hapakuwa na mji wa kutawazwa jumbe ndani yake. Anayezitafuta ngazi za Mtoro mahali kama Chole hatazipata, na akiwa msomaji wa haraka atasema kwamba hapakuwa na ngazi hata moja. Hivyo ndivyo walivyosema Waingereza baadaye, kama itakavyoonekana.

Lakini ngazi zilikuwako. Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857, na ingawa ulimi wake juu ya Waafrika ni mchungu na mara nyingi wa dhuluma, sikio lake kwa majina ya vyeo lilikuwa zuri. Aliandika kwamba mkubwa wa Wazaramo anaitwa pazi, na kwamba chini yake yuko mshauri aitwaye Mwene Goha, na chini ya huyo wako wazee wa daraja mbalimbali. Pazi mmoja, Mazungera, alikuwa ameshajulikana hata Ulaya, kwa sababu ndiye aliyemwua Maizan, afisa wa majini wa Kifaransa, mwaka 1845. Katika habari hiyo ya kuuawa kwa Maizan wasomaji wengi wameona ukatili tu. Pamoja na ukatili, mna jambo la cheo pia: pazi huyu alikuwa mtu wa kuweza kumzuia msafiri aliyetoka Unguja chini ya himaya ya Sultani, na Sultani mwenyewe hakuweza kumfikia kwa wepesi.

Sasa msomaji atazame neno mwene. Kwa Wazaramo wa Burton, Mwene Goha ni wa pili, mshauri wa pazi. Kisiwani Unguja, Mwinyi Mkuu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wenyeji wote, mwenye ngoma kuu na siwa, na jumba lake la Dunga. Ukoo huo ulikwisha utawala wake katika miaka ya 1860 na 1870. Mwinyi na mwene ni neno moja, na mzizi wake ni ule ule wa mwenye: mwenye nchi, mwenye kitu. Mahali pamoja neno hili liko juu kabisa, mahali pengine liko chini ya pazi, na mbali kusini, kwa Mwene Mutapa, lilikuwa juu tena. Anayefasiri mwinyi kwa neno moja tu la lugha nyingine, awe Bagamoyo au Dunga au Chole, ameshapotea kabla hajaanza.

Tatizo hili si la Waswahili peke yao. Wamelipata kwa ukali zaidi wataalamu wa watu wa nyika za Asia, yaani Wamongolia na Waturuki wa karne za kati, na njia walizozitumia kulitatua zinaweza kuwafaa wanaosoma habari za Mrima. Wala nyika hizo haziko mbali na pwani hii kama ramani inavyodai. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 ndiye huyo huyo aliyefika, miaka michache baadaye, katika kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa Wamongolia wa magharibi. Mtu mmoja, kwa jicho moja, aliziona baraza zote mbili. Mogadishu alisikia wenyeji wakimwita mtawala wao sheikh, ijapokuwa kwa Ibn Battuta alikuwa sultani; akaona haja ya kulieleza jambo hilo. Kilwa alimkuta sultani aliyepewa lakabu ya Abu'l-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Lakabu iliyotoka katika kutoa, kama ujumbe wa Mtoro unavyotoka katika kulisha. Na katika kambi ya Uzbek alistaajabu kuona kwamba khatuni mkuu anapoingia, khan husimama na kwenda mlangoni kumpokea. Angalikuwa ameyafasiri maneno sheikh, sultani, khan na khatuni kwa maneno mawili tu, mfalme na mke wa mfalme, msomaji wake asingaliona chochote katika hayo.

Wanaoisoma Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu kilichotungwa katika karne ya 13, hukutana na khan, beki, noyan, darkhan na guregen. Wafasiri wa kwanza walijaribiwa kuyageuza yote kuwa mfalme, mtemi, jemadari na mwungwana, kwa mfano wa Ulaya. Baadaye walijifunza kuuliza. Khan ni nani? Mwaka 1206 watu wa nyika walikutana kwenye chimbuko la mto Onon wakamtangaza Temujin kuwa Chinggis Khan. Lakini kabla ya hapo walikuwako makhan wengi, kila mmoja na watu wake. Cheo kilimaanisha mkubwa aliyekubaliwa na kundi lake, na kundi lilipoondoka, ukhan uliondoka nalo. Ni mwanawe, Ogedei, aliyechukua cheo cha juu zaidi, khagan, ili kujitenga na makhan wadogo. Hivyo neno lile lile khan lilishuka ngazi moja bila kubadilika hata herufi.

Mfano ulio bora kwa habari za Mrima ni ule wa Toghrul, mlezi wa Temujin. Baada ya vita dhidi ya Watatari mwaka 1196, watawala wa nasaba ya Jin walimpa cheo chao cha wang, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Ong Khan; Temujin naye alipewa cheo kidogo zaidi. Mtu mmoja akawa na vyeo viwili vilivyounganishwa katika jina moja: kimoja alichopewa na watu wake, kingine alichopewa na mkubwa wa nchi nyingine. Hicho cha pili kilimwongezea fahari, lakini kilimweka mahali fulani katika daftari la watu wengine. Neno guregen, maana yake mkwe, lina hadithi iliyo karibu na hiyo. Timur, aliyefariki mwaka 1405, alitawala nchi kubwa kuliko makhan wengi, lakini kwa kuwa hakuwa wa damu ya Chinggis hakujiita khan. Alimweka mtu wa ukoo ule katika kiti, akaoa katika ukoo ule, akajivunia ukwe. Katika nchi ambayo kila mtu anajua ukoo wa mwenzake, cheo hakichukuliwi kwa upanga peke yake. Wazaramo, ambao kwao mtoto hupokea ukoo wa mama na jina la upande wa baba, wangalimwelewa Timur bila maelezo mengi.

Kuna na darkhan. Waliopewa cheo hiki na Chinggis, kama Badai na Kishilik, wachunga farasi waliomletea habari ya hila dhidi yake, walisamehewa kodi na kupewa haki ya kubaki na mateka na mawindo waliyoyapata. Leo katika Kimongolia darkhan ni pia fundi wa chuma. Noyan, aliyekuwa jemadari, baadaye alikuja kuwa bwana tu, jina la kumwita mtu kwa adabu. Wataalamu wa nyika hawakuwa na aibu kukiri kwamba cheo kimoja kina maisha yake, na kwamba kamusi isiyotaja mwaka haifai.

Jumbe wa Mrima naye ana maisha yake, na ni maisha ya huzuni kuliko ya darkhan. Katika karne ya 19 Sultani wa Unguja aliwatumia majumbe wa pwani na kuwatambua, akawaweka juu yao maliwali wake. Maneno liwali na akida ni ya Kiarabu. Akida alikuwa mkuu wa askari au wa vijana. Jumbe aliyepata kutambuliwa na Sultani alikuwa katika hali ya Ong Khan: kilemba chake kilikuwa cha watu wake, barua yake ilikuwa ya Unguja. Walipokuja Wajerumani, na baada ya vita vya 1888 na 1889 kuwashinda Bushiri na wenzake, walizichukua sehemu mbili za ngazi hii wakaziacha nyingine. Akida akawa mtumishi wa serikali juu ya majumbe wengi; jumbe akawa mkuu wa kijiji au wa vijiji, mwandishi wa vibanda vya kodi tangu ilipowekwa kodi ya nyumba mwaka 1898. Na neno jumbe likapelekwa bara, hata mahali ambapo halikuwahi kulishwa karamu yoyote.

Hapo ndipo Chole na Uzaramo wote wa ndani walipompata jumbe. Si yule wa Mtoro. Mtoro alikuwa akimwandika jumbe wa zamani mjini Berlin katika miaka ile ile ambayo jumbe mpya alikuwa akitengenezwa katika wilaya ya Dar es Salaam, na kitabu chake kikatoka mwaka mmoja baada ya agizo la pamba. Katika mwaka 1902 majumbe wa wilaya hiyo waliamriwa wasimamie mashamba ya pamba ya watu wote. Mapato yalipangwa yagawanywe mafungu matatu: moja la waliolima, moja la jumbe, na moja la halmashauri ya serikali. Msomaji aliyekwisha kumwelewa Mtoro ataona mara moja ukubwa wa mageuzi hayo. Jumbe wa zamani alitoa kwanza ndipo akala. Jumbe wa pamba alikula fungu la jasho la watu ambao hakuwalisha, na aliyempa fungu hilo hakuwa mmoja wao. Mwaka 1905 watu wa nchi hiyo waliingia katika Vita vya Maji Maji, na Kibasila wa Kisangire, katika Kisarawe, akawaongoza Wazaramo waliojiunga, hata Wajerumani walipomnyonga.

Huyo Kibasila ndiye mtihani wa kila mwandishi. Akiitwa jumbe bila maelezo, msomaji wa leo atamweka katika safu ya wasimamizi wa pamba, na uasi wake utaonekana kama wa karani aliyegombana na bwana wake. Akiitwa chifu, atavikwa vazi la kiti cha enzi ambalo Uzaramo haukuwa nalo. Akiitwa pazi, cheo ambacho masimulizi ya pwani yanakifungamanisha na mwindaji aliyewasaidia Washomvi dhidi ya Wakamba na kudai malipo kwao kwa msaada huo, ataonekana angalau katika mahali pake: mtu ambaye ukubwa wake ulitokana na msaada uliotolewa na deni lililokubaliwa. Uchaguzi wa neno hapa ni uchaguzi wa historia nzima. Wanaofundisha Maji Maji shuleni kwa neno chifu tu wanawanyima wanafunzi swali la kwanza: kwa nini watu wafuate?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitafuta machifu. Katika utawala wa Cameron, tangu 1925, walitaka kila kabila litawaliwe kwa njia ya mkubwa wake wa asili, nao waliwapata watemi wa Unyamwezi, wamangi wa Uchagga, wakama wa Buhaya, wakawaita wote kwa neno moja. Mtemi, neno lililo karibu na kutema, kukata msitu au kukata shauri, na mangi, na mkama, kila mmoja na mila yake ya kurithi na ya kutawazwa, wakawa machifu. Uzaramo haukuwa na mtu wa namna hiyo. Mazoea ya maliwali, maakida na majumbe yakaendelea, na hoja iliyotolewa ni kwamba watu hawa hawakuwa na utawala wao. Hoja hiyo ilikuwa kosa la tafsiri kabla haijawa kosa la siasa. Watawala walitafuta khagan, na kwa kuwa walikuta noyan na beki, waliandika kwamba nyika ilikuwa tupu.

Sheria ya uchifu ilifutwa Tanganyika mwaka 1963. Kufutwa huko kuliondoa kiti, mshahara na daftari. Maneno yenyewe yalibaki, na yakaenda zao. Pazi ni jina la watu wengi, na jina la klabu ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam. Mwinyi amekuwa jina la Rais: Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa mwaka 1925 huko Kivure, katika Mkoa wa Pwani, akaiongoza Tanzania kati ya 1985 na 1995. Katika lugha ya siasa za Ujamaa neno hilo hilo lilizaa umwinyi, yaani tabia ya kukaa na kuhudumiwa, na likachangia katika kutunga ubwanyenye. Heshima na tusi katika mzizi mmoja. Wale wa darkhan wasingeshangaa.

Yafaa kuongeza kwamba vyeo vya nyika vimefika mpaka mitaa ya Dar es Salaam yenyewe. Khan ni jina la familia nyingi za asili ya Bara Hindi. Na katika Agosti 1946 Aga Khan wa 3 alipimwa kwa almasi mjini humo mbele ya wafuasi wake. Cheo chake ni maneno mawili ya nyika, aga, kaka mkubwa au bwana, na khan. Nacho kilitolewa kwa babu yake na Shah wa Uajemi katika karne ya 19. Hana nchi wala farasi wa vita, wala hakutangazwa kandokando ya mto Onon. Lakini watu wake walimjua kuwa ni nani, nao wenyewe ndio waliotoa fedha za heshima ile. Fedha zake zilitumika baadaye kwa faida ya jamii yao.

Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 na ya 20, kuanzia ile ya Krapf ya 1882 mpaka ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya 1981, zimefanya kazi ambayo haina budi kushukuriwa. Katika vyeo, hata hivyo, zina upungufu ule ule: zinatoa maana bila mwaka na bila mahali. Jumbe wa Pangani mwaka 1880, jumbe wa Kisarawe mwaka 1904, na jumbe wa mkutano mwaka 1960 si mtu mmoja. Toleo jipya la Desturi lenye maelezo ya Kiswahili, yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha kukaa na wazee wa Bagamoyo na wa Uzaramo wa ndani pia, lingefanya kazi ambayo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, haikukusudiwa kuifanya. Mtoro aliwaandikia wanafunzi wa Kijerumani, ambao hawakujua kilemba ni nini. Kwa hiyo akaeleza kila kitu. Hakueleza pazi wa Chole ni nani, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.